MWENYE SHAMBA YUKO WAPI?

Masomo: 2 Samweli 12:1-7, Ayubu 23:1-10, Marko 12:1-12

 

Wengi mmeniuliza kwa nini darasa letu la Biblia la siku ya Jumatano limekuwa likianza na hadithi ambazo hazimo ndani ya Biblia. Mzee mmoja wa kanisa alinijia kwa upole, akaniuliza kama Mchungaji amelichoka Neno. Hapana, baba, sijalichoka. Naandika leo ili nieleze tunachokifanya, na ili wale wasiofika Jumatano kwa sababu ya shamba, au ya foleni ya chakula, au ya mgonjwa nyumbani, nao washiriki.

Jambo hili lilianza na swali. Mwezi Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, katika nchi nyingi zilikuwapo familia zilizokuwa zimekwisha kupewa tarehe ya ndege. Watu walikuwa wameuza vitanda, sufuria na mbuzi. Na kabla ya hapo mnajua wenyewe jinsi unabii ulivyokuwa ukipita nyumba kwa nyumba, kwamba ndani ya siku saba jina la fulani litaitwa. Basi siku moja darasani kijana wa kwaya akasimama, akasema hivi: «Mchungaji, jina lilipoitwa tulisema ni Mungu. Jina lilipokatwa tukasema ni Mungu, ana mpango ulio bora zaidi. Naomba uniambie, ni jambo gani lingeweza kutokea, hata sisi tuseme: hapa Mungu hayupo?»

Watu wakanyamaza. Mama aliyekaa karibu naye akamvuta shati ili akae chini.

Mimi nikamwomba aendelee kusimama, kwa sababu swali lake halikuwa la uasi. Ni swali la watu wazima, na katika vyuo lina mahali pake: linaitwa swali la falsafa ya dini. Msiogope neno hilo. Falsafa ya dini ni kazi ya kuuliza tunamaanisha nini tunaposema Mungu yupo, Mungu ni mwema, Mungu husikia. Na kama maneno hayo yanasimama au yanaanguka. Ayubu aliifanya kazi hiyo akiwa amekaa majivuni, wala hakuwa na diploma.

Lakini kwa nini hadithi? Kwenye chuo cha Biblia tulifundishwa hoja za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu: hoja ya chanzo cha vitu vyote, hoja ya mpangilio wa viumbe, na nyinginezo. Ni hoja nzuri na zina kazi yake. Ila sijapata kumwona mama aliyetoka kuzika akifutwa machozi na hoja ya chanzo cha vitu vyote. Tena mtazameni nabii Nathani. Alipotumwa kwa mfalme Daudi hakwenda kumsomea amri. Amri Daudi alikuwa anazijua. Alimtungia hadithi fupi ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyelala kifuani pake kama binti, na tajiri aliyemchukua kondoo huyo ili amchinjie mgeni wake. Mfalme akawaka hasira juu ya tajiri yule, akamhukumu kufa, kabla hajajua kwamba anajihukumu mwenyewe. Maskini yule hakuwahi kuishi. Kondoo yule hakuwahi kuliwa. Lakini kwa kondoo huyo wa kutungwa ukweli uliingia ndani ya nyumba ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Ndiyo maana nikaleta darasani hadithi mbili ambazo wanafalsafa walizitunga kwa ajili ya swali lile lile la kijana wetu.

Ya kwanza ina historia yake. Mwaka 1944 mwanafalsafa Mwingereza aitwaye John Wisdom aliandika habari ya watu wawili waliobishana juu ya bustani iliyoachwa. Mwaka 1950, katika mji wa Oxford, kijana mwingine aitwaye Antony Flew aliichukua habari hiyo akaifanya kali zaidi. Flew alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti, jambo ambalo watoto wa wachungaji waliomo humu wanaweza kulitafakari wenyewe. Yeye alikuwa ameiacha imani ya baba yake tangu ujana.

Hadithi yake, nikiisimulia kwa maneno yangu, ni hii. Wasafiri wawili walikuwa wakipita msituni wakafika mahali palipo wazi. Pale palikuwa na maua mengi, na magugu pia mengi. Mmoja akasema, «Lazima yupo mtu anayepatunza hapa.» Mwenzake akakataa. Wakapiga hema, wakalinda. Hawakumwona mtu. Yule wa kwanza akasema labda mtunzaji haonekani kwa macho. Wakazungusha seng'enge, wakaitia umeme, wakaleta na mbwa wa kunusa. Seng'enge haikutikisika, hakuna aliyepiga kelele ya kushikwa na umeme, wala mbwa hawakubweka. Yule muumini bado akashikilia: yupo, ila haonekani, hagusiki, hana harufu, hana sauti, umeme haumdhuru, naye huja kwa siri kuitunza bustani aipendayo. Mwisho mwenzake akakata tamaa akamwuliza: mtunzaji wa namna hiyo ana tofauti gani na mtunzaji wa kuwaziwa tu, au na kutokuwapo mtunzaji kabisa?

Flew alitaka kusema kwamba neno ambalo hakuna jambo lolote duniani linaloweza kulipinga, ni neno ambalo halisemi kitu. Nikikuambia «leo mvua itanyesha,» nimesema kitu, kwa sababu jua likiwaka kutwa nitakuwa nimesema uongo. Lakini nikisema mvua itanyesha, na jua likiwaka nikasema ni mvua isiyolowesha, basi nimepiga domo tu. Halafu akaleta mfano ulio mchungu. Mtoto anakufa kwa saratani ya koo isiyoweza kupasuliwa. Baba yake wa duniani anahangaika huku na huku kutafuta msaada. Baba yake wa mbinguni, ambaye twasema anampenda kuliko huyo, haonyeshi dalili ya kujali. Ndipo muumini huongeza maneno: upendo wa Mungu si kama wa wanadamu, njia zake hazichunguziki. Kila neno linaloongezwa linapunguza kidogo ile sentensi ya kwanza, mpaka haibaki na kitu.

Hapo niliona watu wakitazama chini. Wapo katika makazi haya waliozika, na waliambiwa maneno hayo hayo pembeni ya kaburi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote. Mama mmoja, mkulima, anayetoka upande wa Masisi, alianza kucheka. Nikamwuliza kinachomchekesha. Akasema wale wasafiri wawili hawajawahi kushika jembe. Mtu hamtafuti mwenye shamba kwa mbwa. Huinama akatazama udongo, akaona kama mistari iko sawa, kama magugu yana umri mmoja na mimea. Kisha akaacha kucheka. Akasema: «Mimi niliacha maharage yakiwa na maua, na migomba. Leo mtu akipita pale ataona migomba na ataona magugu. Atalinda mwaka mzima hatamwona mwenyewe. Atasema shamba hili halina mwenyewe. Nami nipo hapa, nimekaa kwenye benchi hii.»

Wapendwa, nimewahi kusoma kurasa nyingi juu ya hadithi ya Flew, lakini nilijifunza zaidi siku ile. Maana wale wa Oxford walidhani asiyeonekana ni mmoja wa aina mbili tu: ama amejificha, ama hayupo. Huyu mama alijua aina ya tatu, yaani aliyefukuzwa.

Lakini kijana wetu wa kwaya naye si wa kunyamazishwa upesi. Akasema kwa heshima: «Mama, wewe ulifukuzwa na bunduki. Mungu alifukuzwa na nani?»

Sikulijibu swali hilo Jumatano ile. Niliwaachia waende nalo nyumbani, na nitalirudia hapa chini.

Hadithi ya pili ilitungwa kumjibu Flew, na aliyeitunga ni Basil Mitchell, mwanafalsafa Mkristo aliyekuwa ametumika katika jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katikati yao alikuwapo na mwingine aliyetoa jibu lake, R. M. Hare, ambaye alitekwa na Wajapani Singapore mwaka 1942 akafanyishwa kazi kwenye reli ya Burma. Hare alileta mfano wa mwanafunzi aliyeamini kwamba waalimu wote wa chuo wanataka kumwua. Kila mwalimu mwema aliyeonyeshwa, alisema wema huo ni ujanja tu. Hare alisema kila mtu ana msingi wa namna hiyo moyoni ambao ushahidi hauubadilishi, na kwamba misingi mingine ni mizima na mingine ni migonjwa. Sitakaa sana juu ya mfano huo. Tunao ndugu kati yetu ambao usiku wakisikia pikipiki wanashuka kitandani, na sipendi mfano unaomfanya mtu wa namna hiyo kuwa kichekesho. Nawataja hawa ili mjue tu kwamba waliobishana juu ya Mungu mwaka ule walikuwa watu walioiona vita.

Hadithi ya Mitchell yenyewe ni ya vita. Katika nchi iliyotekwa na maadui, kama vile Ufaransa ilivyotekwa na Wajerumani mwaka 1940, yupo mpiganaji wa siri. (Nilikataa kuiweka hadithi hii katika vita vya kwetu wala kumpa mpiganaji jina la kundi lolote. Kila mmoja hapa ana jeraha lake, na hadithi ingetugawanya kabla haijatufundisha.) Usiku mmoja mpiganaji huyu akakutana na Mgeni. Wakakesha wakizungumza. Mgeni akamwambia kwamba yuko upande wao, tena kwamba yeye ndiye mkuu wa mapambano yote, akamsihi amtumaini hata litokee nini. Mpiganaji aliguswa sana na uaminifu wa mtu huyu, akamtumaini.

Hawakukutana tena namna ile. Siku nyingine Mgeni alionekana akiwasaidia wenzao, na mpiganaji akawaambia rafiki zake: mnaona, yuko upande wetu. Siku nyingine alionekana amevaa sare ya polisi wa adui, akiwakabidhi wenzao kwa maadui. Rafiki zake wakanung'unika. Yeye akasema: hata hivyo yuko upande wetu. Akiomba msaada, mara alipata akashukuru, mara hakupata, akasema Mgeni ndiye ajuaye. Rafiki zake wakamwuliza kwa hasira: afanye nini basi, hata ukubali kwamba hayuko upande wetu?

Mnaona, ni swali lile lile la kijana wetu.

Mitchell alisema mpiganaji huyu si kama yule msafiri wa bustanini. Msafiri hakuhesabu chochote kuwa kinyume cha imani yake. Mpiganaji anahesabu. Sare ile inamwuma. Anajua kabisa kwamba jambo analoliona ni ushahidi mbaya, na hawezi kulifuta. Ndiyo maana imani yake ni jaribu. Lakini amemtumaini mtu, na mtu unayemtumaini humwachi kwa jambo la kwanza lenye utata. Mitchell akaongeza onyo ambalo lingefaa kusomwa katika kila mkutano wa maombi: mpiganaji akianza kusema «Mgeni ndiye ajuaye» kwa wepesi, bila kuumia, basi imani yake imegeuka maneno matupu, na hapo Flew ameshinda.

Nitasema wazi ninavyoona. Makanisani mwetu tunao wasafiri wa bustanini wengi kuliko wapiganaji. Mtoto akipona malaria tunatoa ushuhuda kwa vigelegele, na hiyo ni haki. Asipopona, mtu anasimama na kusema Mungu amemchuma ua lake, kisha kwaya inaanza wimbo upesi kabla mama hajalia. Mgao unapopunguzwa, tunaambiwa Mungu anatufundisha kufunga. Mambo ya namna hiyo si imani yenye nguvu. Ni imani iliyotiwa seng'enge pande zote ili isiguswe. Na jambo baya zaidi ni kumwambia aliyefiwa kwamba imani yake ndiyo ilikuwa ndogo. Katika kanisa hili mtu asiliseme neno hilo kaburini, awe mgeni au mwenyeji, awe nabii au shemasi. Nimekwisha kuzungumza na wazee, nao wamekubali.

Ayubu alisema anakwenda mbele na hamwoni Mungu, anarudi nyuma na hamtambui, anatazama kushoto na kuume. Someni sura ya 23. Hakusema Mungu ana sababu zake kisha akaenda kulala. Aliitaka kesi isikilizwe. Na mwisho wa kitabu, sura ya 42, Mungu aliwakasirikia wale rafiki watatu waliomtetea Mungu kwa maneno mepesi, akasema ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa. Hilo huwa linanishangaza kila nikilisoma. Walioongeza maneno ya kumwokoa Mungu ndio walioambiwa watoe sadaka, na waombewe na yule waliyemshutumu.

Tulipomaliza hadithi ya Mgeni, mama mmoja akauliza: «Yule mpiganaji alikesha naye usiku mzima, ndiyo maana alimtumaini. Mimi usiku wangu ni upi?»

Wengine wakamjibu haraka kwa kutaja nyakati zao: mmoja njiani kuelekea Bunagana, mmoja ndani ya mtumbwi kwenye Ziwa Albert, mmoja hospitalini. Lakini wapo ambao hawana usiku wa namna hiyo wa kuutaja, na siwalazimishi kuutunga. Ushuhuda wa kutunga ni mbaya kuliko kutokuwa na ushuhuda. Kwa watu hao nasema kwamba kanisa zima lina usiku mmoja linaoushirikiana: meza, mkate, kisha bustani ya Gethsemane. Mtu asiye na usiku wake mwenyewe aukope huo. Ndiyo kazi ya Meza ya Bwana.

Sasa turudi kwa Flew, maana hakunyamaza. Alimjibu Mitchell kwa neno ambalo ni lazima tulipokee kwa haki. Alisema: Mgeni wa hadithi yako ni mwanadamu. Asipoweza kuwasaidia wote, tunamwelewa. Ana mipaka, huenda analazimika kuivaa sare ile ili asijulikane. Lakini Mungu wenu mwasema ni mwenyezi, anajua yote na anaweza yote. Yeye analazimishwa na nani?

Hilo ni swali la kijana wetu tena, kwa sauti nyingine: Mungu alifukuzwa na nani?

Kabla ya kulijibu, neno dogo. Wapo wahubiri wanaopenda kutangaza kwamba Flew mwenyewe aliokoka. Si kweli. Mwaka 2004, akiwa mzee, alisema waziwazi kwamba sasa anakubali kuwa kuna Mungu aliyeuanzisha ulimwengu, na mwaka 2007 kikatoka kitabu kwa jina lake juu ya jambo hilo. Lakini Mungu aliyemkubali hakuwa Baba anayesikia maombi, na hadi kufa kwake mwaka 2010 hakuukiri Ukristo. Tusimtie mtu ubatizo akiwa amekwisha kufa ili tushinde ubishi.

Basi, jibu. Bwana wetu naye alitunga hadithi fupi juu ya mwenye shamba asiyeonekana. Iko Marko 12. Mtu alipanda mizabibu, akaizungushia ugo, akachimba shimo la kukamulia, akajenga mnara, akawapangisha wakulima, akasafiri. (Angalieni: katika hadithi hii wakulima ndio wanaoonekana, na ndio wenye makosa.) Alipotuma watumishi kutaka sehemu ya matunda, wakawapiga, wengine wakawaua. Mwisho akamtuma mwanawe mpendwa. Wakasema huyu ndiye mrithi, tukimwua urithi utakuwa wetu. Wakamwua, wakamtupa nje ya shamba.

Mnaisikia? Aliyetupwa nje ya shamba lake mwenyewe ni Mwana. Waebrania 13 inarudia jambo hilo kwa kusema Yesu aliteswa nje ya lango, na kutuita tutoke tumwendee huko. Kwa hiyo swali «Mungu alifukuzwa na nani?» lina jibu katika Maandiko, na jibu lenyewe linatia hofu: alifukuzwa na waliolikalia shamba lake. Alikuja kwao wenyewe na hawakumpokea. Mama wa Masisi alisema kweli kuliko alivyodhani.

Je, jibu hili linamaliza swali la Flew? Halimalizi, na sitawadanganya kwamba linamaliza. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwenye shamba hakutuma jeshi badala ya mwana. Kijana wetu aliuliza hivyo hivyo, tena hakungoja dakika moja. Hadithi ya Yesu haisemi kwa nini alingoja. Inasema alimtuma nani, na huyo aliyetumwa alipatwa na nini. Katika hadithi ya Mitchell, Mgeni anaonekana mara katika kundi letu, mara katika sare ya adui. Katika Injili anaonekana mahali pa tatu, ambapo Mitchell hakupataja katika mfano wake: kati ya wale waliofungwa na kukabidhiwa. Mpiganaji angemwona hapo angekuwa na jambo la kuwaambia rafiki zake, ingawa lisingekuwa maelezo.

Na lile swali la kwanza, la jambo gani lingeonyesha kwamba tumeamini bure? Nilimwambia kijana afungue 1 Wakorintho 15, kuanzia mstari wa 14. Mtume Paulo analijibu bila kuzungusha: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure, imani yenu ni bure, na sisi ni watu wa kuhurumiwa kuliko wote. Paulo hakusema Kristo alifufuka kwa namna ambayo hata kama hakufufuka bado alifufuka. Aliiweka shingo yake pale. Alitaja jambo moja ambalo likiwa si kweli, basi tufunge kanisa, mabati tugawane.

Lakini tazameni jambo ambalo hakulitaja. Hakusema: kama jina lako halikuitwa, imani ni bure. Hakusema: kama mgao umepunguzwa, au kama umekaa miaka 10 Uganda bila kurudi nyumbani, Mungu ni mwongo. Hayo hatukuahidiwa mahali popote. Ni watu waliotuahidi kwa jina lake, na walipoona ahadi zimeanguka wakaanza kuongeza maneno moja moja ili kuzishikilia. Sisi tukadhani tunaitetea imani, kumbe tunawatetea wao. Jina kuitwa ni jambo la ofisi. Tunaweza kumshukuru Mungu kwa ajili yake kama tunavyomshukuru kwa mvua. Jina kukatwa ni jambo la ofisi pia, na ni halali kulilia mbele za Mungu na kumwuliza yuko wapi, kama Ayubu. Lakini kupima kuwapo kwa Mungu kwa karatasi ya ubao wa matangazo ni kulinda bustani kwa mbwa.

Kijana alikaa kimya kidogo. Akasema, «Basi tumekuwa tukibishana juu ya shamba lisilo lenyewe.» Kisha akaongeza: «Ila bado mama yangu ameuza kitanda.» Nami nikasema ndiyo, ameuza kitanda, na hilo ni kweli vilevile. Akina baba wawili wa useremala waliokuwapo walitazamana. Sitaeleza zaidi, wenye kitanda wanajua kilichofuata.

Jumatano ijayo tutasoma hadithi nyingine ya kutungwa, ya Mrusi Leo Tolstoy, iliyotoka mwaka 1886. Ni habari ya askofu aliyesikia juu ya wazee watatu waliokuwa wakiishi kisiwani, akaenda kuwafundisha sala ya Bwana kwa sababu aliona wanasali vibaya. Sitasema mwisho wake, ila nawaomba wale wanaosema kwamba makanisa ya jirani hayajui kuomba wasikose siku hiyo. Nitaisimulia kwa Kiswahili, na mwalimu wa Shule ya Jumapili ataitafsiri kwa Kinyabwisha kwa ajili ya bibi zetu.

Kijana wa kwaya naye ameanza kutunga hadithi yake, ya mtu aliyelinda ubao wa matangazo miaka mingi hata akasahau jina analolitafuta. Ametusomea ukurasa mmoja. Anasema hajui bado itaishaje, na nimemwambia asiharakishe.

Tunakutana saa kumi jioni chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, ndani ya kanisa. Kila mtu aje na kiti chake na Biblia yake. Asiye na Biblia aje hivyo hivyo, na mwenye swali lililo gumu kuliko la kijana huyu akae mbele.

Ni mimi Mchungaji wenu, mtumishi pamoja nanyi.